Pale Alipokuwa Akinyamaza

Katika mji ule wafu hawakunyamaza. Ukiingia kutoka upande wowote, kabla hujaiona nyumba hata moja, ungewasikia: nyundo ya mhunzi aliyezikwa zamani, cherehani ya mshonaji ambaye hata wajukuu zake wamezeeka, ufagio wa bibi fulani ukifagia ua usio na jani. Waliopiga nyundo, waliokanyaga cherehani na waliofagia walikuwa watu hai. Wao waliitwa washika sauti. Mtu akifa, kabla maji ya kumwoshea hayajakauka sakafuni, Msikilizaji wa mtaa alikuja na mwanzi wake mrefu akawauliza wafiwa swali moja tu: sauti yake ilikuwa ipi? Wakishajibu, mmoja wa watu wake wa karibu alikabidhiwa sauti hiyo aishike, kwa zamu na ndugu yake, mpaka naye afe na mwingine aipokee. Sauti ikikatika, marehemu alihesabiwa kuwa amekufa mara ya pili, na kifo hicho cha pili hakikuwa na matanga. Jina lake lilifungwa. Aliyelitaja baada ya hapo alitazamwa kama mtu aliyetema mate kisimani.

Makame alishika nazi.

Mkewe Mwanaheri, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tunu kwa jina la binti yao wa pekee, aliondoka kwa homa, akaacha nazi moja imekunwa nusu. Msikilizaji alipouliza, Makame alikuwa ameinamisha kichwa. Shemeji zake ndio waliojibu. "Nazi," walisema. "Kila asubuhi tulikuwa tunamsikia akikuna nazi." Ikawa nazi. Hakuna aliyetaja kicheko chake, maana kicheko hakishikiki. Hakuna aliyetaja alivyokuwa akiita kuku, maana kuku wenyewe walikwishaliwa matangani. Msikilizaji akagonga ukuta kwa mwanzi, jambo likapita.

Tangu siku hiyo Makame alikaa juu ya mbuzi, kigoda kile kifupi chenye ulimi wa chuma, akikuna vifuu vitupu. Ilikuwa lazima viwe vitupu, kwa sababu kazi ya marehemu haikuruhusiwa kulisha mtu. Krrr, krrr, krrr. Unga mweusi wa kifuu ulimwagika miguuni pake, ukampanda magotini, ukamwingia kwenye ndevu. Mwanzoni wanaume wa barazani walimcheka, maana mwanamume kukaa juu ya mbuzi ni kichekesho katika mji wowote.

"Mama Tunu, leo tunakula mchuzi gani?"

"Njoo ndani nikukune wewe," alijibu, na kuwarushia kifuu, wakakimbia wakishikana mabega.

Baadaye waliacha kucheka, lakini hawakuacha kumwita hivyo. Waliopita dirishani wakisikia krrr walisalimia, "Mama Tunu, hujambo?" na yeye akaitika, "Sijambo." Kuitika kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Siku moja mgeni aliyepotea njia alisimama mlangoni akamuuliza jina lake, na Makame akafungua mdomo, akaona mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka. Alilitafuta jina lake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku akijua kabisa kwamba leo amevaa shati lisilo na mfuko.

Na asubuhi haikuisha. Mama Tunu alikuwa akikuna asubuhi, kwa hiyo palipokuwa na sauti hiyo palikuwa asubuhi. Jua lilipanda na kushuka huko nje kama kawaida yake, lakini ndani ya nyumba ile ilikuwa asubuhi ile ile, chai haijachemka, Tunu hajaamka, homa haijaja. Mtu angedhani hiyo ni neema. Kuishi ndani ya asubuhi ya mwisho ya mtu umpendaye, isiyokwisha, nani asingetaka? Lakini asubuhi isiyokwenda popote ni chumba. Makame alilala dakika chache chache akiwa amekaa. Moyo wake ulidunda kwa mwendo wa kukuna. Mikono ilimtetemeka hata ilipokuwa imepumzika, na chakula kilikuwa na ladha ya kifuu.

Lililomtisha zaidi hakumwambia mtu. Uso wa mkewe ulikuwa umeondoka. Alipofumba macho kuutafuta aliona ulimi wa chuma, meno yake madogo yaking'aa, basi. Alijaribu kusikia sauti yake, ile ya mdomoni, akasikia krrr. Akajiuliza, mara ya kwanza kwa siri na baadaye karibu kwa kelele: ninachokishika hapa ni mtu, au ni kelele aliyoiacha mtu? Na kama ni kelele, mwenyewe yuko wapi? Na kama mwenyewe hayupo, ninamzuia nani asiondoke? Maswali yalikuja kwa mfuatano wa kukuna, yakaenda, yakarudi yale yale.

"Baba, inuka nikupokee," Tunu alisema.

Tunu alikuwa msichana aliyekwisha kukua, mrefu kama mama yake, na viganja vyake vilikuwa vimepata sugu kwa zamu. Posa moja ilikuwa imeshamjia. Wazee wa yule kijana walikaa sebuleni, wakasikiliza krrr kutoka uani, wakatazamana, wakaacha kahawa zao nusu. Kila mtu alijua kwamba bibi harusi huhama na sauti yake. Leo nazi ya mama, kesho akifa baba, nazi mbili.

Makame aliinuka, magoti yakilia. Tunu akakaa, akainamisha kifuu kwenye chuma, akakuna mara chache, akasita kidogo tu.

"Baba. Mama hakuwa akikuna hivi."

"Alikuwa akikunaje?"

"Sijui. Lakini siyo hivi."

"Kuna, mwanangu. Usiache nafasi."

Alichelewa kusema. Kivuli kilikuwa tayari mlangoni. Shaame, Msikilizaji wa mtaa wao, mtu mwembamba mwenye masikio yaliyotakata kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, aliingia bila hodi, akaegemeza mwanzi ukutani na kuweka sikio kwenye ncha yake.

"Nimesikia pengo," alisema.

"Tunapokezana, Shaame," Makame alisema. "Mtu akiinuka lazima mwingine akae."

"Mapokezano nayajua. Lile halikuwa la mapokezano. Lilikuwa la kufikiri." Alimtazama Tunu. "Dada, mtu anayekuna hafikiri. Mama yako anakutegemea." Kisha akamgeukia Makame kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mama Tunu, umechoka. Tafuta mto wa kukalia. Mbuzi ni ngumu, na kifo cha pili ni kigumu zaidi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: Msikilizaji mwenyewe ndiye aliyemtuma Makame kwenye nyumba ya sufi, kulikoshonwa mito.

*

Nyumba ya sufi ilikuwa mwisho wa mji, mahali ambapo vichochoro vinachoka na kuwa mchanga. Makame alitembea kuielekea, na njia ikawa inarefuka kwa namna isiyo ya haki. Alipita mbele ya nyumba alimooa. Mlangoni alimwona kijana amevaa kanzu mpya, kofia imekaa upande kama Makame alivyoivaa siku ya harusi yake, anacheka na watu wasioonekana. Kijana akamtazama yule mzee mwenye unga mweusi kwenye ndevu, akamwuliza, "Mama, umetoka wapi?" Makame akashika njia yake. Alijua kwamba akijibu atamwambia yote, na kijana yule alikuwa na furaha yake.

Mwenye nyumba aliitwa Asumini. Alishona mito na magodoro, akiyajaza sufi, ile pamba nyepesi ya msufi isiyotulia mkononi. Chumba chake kilijaa mpaka darini. Sufi ilikuwa kwenye magunia, kwenye madirisha, kwenye nywele zake, kwenye kope. Makame alivuka kizingiti, na nyuma yake mji ukakatika.

Alisimama. Hakusikia nyundo, cherehani wala ufagio. Alijipapasa kifua kwa viganja vyote viwili.

"Nimekufa?" aliuliza.

"Bado," Asumini alisema kutoka nyuma ya magunia, sindano mdomoni. "Wengi huuliza hivyo hivyo. Juzi mmoja alinikimbia na mto wangu hajaulipa. Karibu. Unataka wa kichwa au wa makalio?"

"Wa mbuzi."

"Wa makalio basi." Aliuchomoa uzi, akamtazama vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye goti bovu, asiye na dalili yoyote ya hekima. "Kaa hapo chini nipime. Kaa kama unavyokaa kwako."

Makame akakaa sakafuni, magoti yamepanda, mgongo umejikunja, mikono imekamata kifuu kisichokuwepo. Na mikono ikaanza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Iache," Asumini alisema.

"Haiachiki."

"Ilaze mapajani basi. Isikae kama inasubiri kazi." Alimsogelea, akamgusa katikati ya mgongo kwa kidole. "Huku panyooke. Usijikaze, hukuitwa gwaride. Nyooka kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mbali. Haya. Mimi kabla ya kuanza mto mpya hukaa kimya kidogo, la sivyo mkono unaenda upogo. Kaa na mimi, halafu tutapatana bei."

"Nikae nifanye nini?"

"Uvute pumzi."

"Navuta tangu nizaliwe."

"Unavuta lakini hujawahi kuwepo." Aliwasha kijiti cha udi, akakivunja, akaacha kipande kifupi kama kidole. "Kikiisha hiki tunaamka. Anayeanza haanzi na kirefu. Pumzi ikiingia, jua inaingia, pale puani inapopita na ubaridi wake. Ikitoka, jua inatoka. Akili itatoroka, sasa hivi tu utaiona. Ikitoroka usiipige. Irudishe puani, basi. Ikitoroka tena, irudishe tena."

"Na faida yake?"

"Mkono hauendi upogo."

Makame akafumba macho. Akavuta pumzi, akatoa, akavuta, akatoa. Asumini akasikia kitu, akafumbua jicho moja. Mabega ya Makame yalikuwa yanakwenda mbele na nyuma. Pumzi yake ilikwaruza puani kwa nguvu, kwa mwendo mmoja, bila nafasi, kama inayosukumwa na mtu mwenye zamu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Wee bwana! Unakuna nazi kwa pua!"

"Si umesema nishike pumzi?"

"Nimesema uijue. Nani kakwambia uishike? Pumzi si ya marehemu yeyote. Hata ukiiacha itakwenda yenyewe."

Hilo Makame hakuweza kuliamini. Katika maisha yake yote hajaona kitu kinachokwenda bila mtu kukishikia. Aliiacha pumzi kama mtu anayeachia kamba ya ndoo ndani ya kisima, huku mkono ukiwa tayari kuidaka. Pumzi ikatoka. Ikatoka yote. Kisha pakawa na mahali pasipo na kitu, kabla nyingine haijaingia, na hapo moyo ukamruka, akashika sakafu kwa vidole, akapiga kelele, "Pengo! Pana pengo!"

"Lipo," Asumini alisema, amefumba macho. "Kila mmoja analo. Subiri."

Na pumzi ikarudi yenyewe, kama paka.

*

Alikwenda tena. Alimwambia Tunu kwamba mto unarekebishwa, na Tunu hakuuliza, ila siku aliporudi amechelewa alisema tu, "Mto huo utakuwa godoro." Kila alipokaa, kipande cha udi kilikuwa kirefu kidogo kuliko cha jana, au siku nyingine kifupi zaidi, kwa sababu Asumini alisema kuna siku mtu ana nafasi ndogo na hiyo nayo inatosha. Mara nyingi hakufanya lolote isipokuwa kutoroka na kurudi. Kwa akili alimkimbilia Shaame, akagombana naye, akashinda, akagundua anagombana, akarudi puani. Akakimbilia homa ile. Ningemwita mganga mapema. Ningempa maji. Nilimpa maji? Nilimpa. Hakuyataka. Ningempa tena. Akarudi puani. Alimwuliza Asumini lini atakuwa amejua, na yeye akamwambia, "Mimi naanza kila siku. Mito mingapi nimeshona, na kila siku sindano naitia uzi upya."

Lakini mambo yalikuwa yanabadilika pembeni, pale asipopatazama. Mikono ilitulia wakati wa kunywa chai. Alilala, usingizi wa kulala chini, na kuamka akiwa na alama ya mkeka shavuni. Siku moja alitafuna muhogo akausikia utamu, akasita, akaona aibu kama aliyeibia msiba. Siku nyingine Tunu aliangusha sufuria, na yeye, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimfokea kwa lolote, aliona hasira ikimpanda, akaiona kama unavyomwona mtu anayekuja barabarani kwa mbali, na ilipofika alikuwa na nafasi ya kuchagua kama aitike. Hakuitika. Akamtazama binti yake. Ana kovu dogo kwenye nyusi, tangu lini?

Na hapo ndipo hofu ilipokua. Kwa maana alianza kuona kwamba anaweza kuishi.

"Nikizoea kimya," alimwambia Asumini, "iko siku mkono utaacha wenyewe. Na nikiacha, namwua. Niambie kweli. Wewe ulimshikia nani?"

Asumini alivuta uzi kwa muda mrefu.

"Mama yangu," alisema. "Aliugua kifua miaka mingi. Walipoulizwa sauti yake, wakasema, kikohozi."

Makame akamgeukia.

"Nikakohoa. Mchana kutwa nikikohoa kikohozi cha mama, mpaka koo likatoka damu na mimi mwenyewe sikujua tena kama naumwa au nashika. Siku moja nikachoka, nikachomeka kichwa ndani ya gunia la sufi nikanyamaza. Nilidhani dunia itapasuka. Haikupasuka. Wakaja, wakafunga jina lake, wakanisogeza huku mwisho."

"Akafa mara ya pili?"

"Sijui," Asumini alisema, na macho yake yalikuwa na maji. "Nisikudanganye. Zipo siku nakaa na sipati kitu, nasikia gunia tu. Ila zamani nikimkumbuka nilikuwa namkumbuka anakohoa. Sasa namwona anakula embe, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ananificha kokwa. Mama yangu alikuwa mchoyo wa embe. Nilisahau kabisa." Akacheka, akajifuta kwa mkono uliojaa sufi, uso ukawa na ndevu nyeupe. "Aliitwa Mashavu. Umelisikia? Mashavu binti Kheri. Humu ndani naweza kulitaja."

Jina likaingia ndani ya sufi, likapotea. Au likakaa humo. Makame hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Alipoondoka alibeba mto. Njiani, mlangoni pa nyumba ile, yule kijana wa kanzu mpya hakuwepo. Palikuwa na kuku tu, akiparua.

*

Aliporudi, ndani ya asubuhi ile ile isiyokwisha, Makame aliweka mto juu ya mbuzi. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mshika sauti aliyewahi kulifanya: alivunja nazi nzima, nzito, yenye maji, akayanywa maji yake, akaishika nusu moja mbele ya chuma.

Tunu alikuwa amesimama nyuma yake, anasubiri zamu. "Baba, hiyo ni nazi."

"Ni nazi."

"Shaame atasikia. Nazi na kifuu havilii sawa."

"Na asikie."

Akakuna. Sauti ilikuwa laini, yenye unyevu, na sahani ikapokea theluji ya weupe ambao nyumba ile ilikuwa imeusahau. Akakuna kidogo. Kisha akaacha.

Hakuna aliyewahi kueleza kimya kilivyo katika mji ule, kwa sababu hakikuwa na jina. Kilianzia kwenye mkono wa Makame, kikatoka dirishani, na nyundo ya jirani ikakosa pigo moja, na cherehani ya ng'ambo ikajikwaa. Mgongo wake ulinyooka. Mikono ikalala mapajani. Pumzi iliingia na ubaridi wake. Ikatoka.

Wanakuja. Irudishe. Wanakuja na mwanzi, watalifunga jina lake. Irudishe. Mwanaheri, nisamehe. Hilo pia, irudishe, lakini taratibu, lisipigwe. Pumzi ikaingia. Nje miguu ilikuwa inakimbia. Pumzi ikatoka, ikatoka yote, akafika mahali pale pasipo na kitu, pale alipopiga kelele siku ya kwanza. Safari hii hakuishika sakafu. Akakaa hapo.

Na hapo palikuwa na mkono.

Haukuwa muujiza. Ulikuwa mkono wa mkewe wa kila siku, wenye kovu la mafuta karibu na kidole gumba. Mwanaheri alikuna, halafu alinyamaza. Kila mara alinyamaza! Aligonga kifuu kwenye ukingo wa mbuzi, akachota nazi kwa ncha za vidole, akaurudisha mkono nyuma juu ya bega bila kugeuka, kwa yeyote aliyekuwa amesimama hapo, mume, mtoto, jirani aliyekuja kuomba moto, na kusema, "Haya, chukua, usinisimamie mgongoni kama jini." Na katika kunyamaza huko ndiko alikokuwa akizungumza. Huko ndiko alikochekea. Huko ndiko kulikokuwa na uso wake, ukigeuka nusu, jicho moja, shavu, kipini cha puani. Wao walishika kukuna, wakashona matundu yote, wakamziba humo ndani. Kwa muda wote huo Makame hakumpa nafasi hata moja ya kusema neno.

Akagonga kifuu kwenye ukingo. Akachota. Akaurudisha mkono nyuma juu ya bega bila kugeuka.

Mkono ukangoja. Pengine hapana mtu, aliwaza. Pengine nimemwua na Tunu amekimbia. Pumzi iliingia.

Vidole vikamgusa kiganjani, vikachukua.

"Ndivyo hivi," Tunu alisema. Sauti yake ilikuwa imejaa nazi na kilio. "Baba, ndivyo hivi alivyokuwa akikuna."

Mlango ukasukumwa. Shaame alikuwa mbele, watu wa mtaa nyuma yake, wengine bado wameshika ufagio na nyundo, na kwa kuwa walikuwa wameacha kazi, kimya kilikuwa kimeenea mtaa mzima, nao walikuwa wakitazamana kama watu waliokutana uchi. Shaame hakuweka mwanzi ukutani. Hapakuwa na haja.

"Mama Tunu," aliita. Hata yeye hakupenda kazi hii. "Mama Tunu! Kuna! Bado muda upo. Nitasema ilikuwa mapokezano."

Mzee yule aliinuka kutoka kwenye mbuzi, unga mweusi ukamdondoka magotini.

"Mama Tunu amefariki," alisema. Hakuwahi kulisema hilo, na lilipotoka lilimwuma kana kwamba homa ile ilikuwa ya jana. "Mimi ni Makame."

Kisha Shaame akaugonga ukuta kwa mwanzi, na jina la Mwanaheri likafungwa. Watu wawili wakachukua mbuzi, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakapita nayo mlangoni kama wanaobeba jeneza la mtoto. Wakaondoka mmoja mmoja. Taratibu nyundo ikaanza tena huko nje, kisha cherehani, na mji ukawashika wafu wake kama ulivyozoea. Jua lilikuwa limeshaingia uani. Asubuhi ilikuwa imekwisha.

Mto ulibaki sakafuni, umebonyea katikati. Makame akaukalia. Hakujua kama kesho atamwona tena, au atakuta gunia tupu kama Asumini siku zake mbaya. Hakujua watu wangemtazamaje Tunu kisimani. Alijua tu kwamba pumzi ilikuwa inaingia na kwamba ingetoka, na kwamba nyuma yake, karibu kabisa, binti yake alikuwa amesimama mgongoni kwake kama jini, anatafuna nazi polepole, na alipoimaliza akanyoosha kiganja mbele ya uso wa baba yake, kitupu, anaomba nyingine.